Kakonge Angalishinda Gulu: Kura ya Chama, Historia Mbadala na Kiambishi -ngali-

Kila muhula, mwalimu wa sarufi anapofika kwenye viambishi -nge- na -ngali-, aghalabu hutoa mifano ileile: "Ningalikuwa na fedha, ningalinunua gari." Mifano hii si mibaya, ila haimdai mwanafunzi chochote. Hakuna anayejali kama gari lingalinunuliwa au la. Mwanafunzi hukariri umbo, hufanya mtihani, na baada ya mtihani umbo lenyewe humtoka.

Makala haya yanapendekeza mahali pengine pa kuchota mifano, nako ni katika historia, hasa ile inayoitwa historia mbadala: uchunguzi wa mambo ambayo yalikaribia kutokea lakini hayakutokea. Nia yetu ni kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba sehemu nzuri ya kufanyia uchunguzi huo ni kura inayopigwa ndani ya chama, kabla wananchi hawajaitwa kwenye uchaguzi mkuu. Pili, kwamba sentensi ya -ngali- ina masharti yake, na anayeitumia bila kuyafuata anaweza kuwadhuru watu. Hapa Mbarara, ambapo mwanafunzi wa Ankole na mwanafunzi aliyekulia Nakivale wanaweza kukaa kwenye dawati moja, jambo hili la pili lina uzito kuliko linavyoonekana.

Mchezo wa Wamarekani

Wamarekani wanaupenda sana mchezo huu, na uwanja wao mkubwa ni kura za mchujo za kumtafuta mgombea urais wa chama. Wenzetu wa Kenya hutumia neno hilo hilo, mchujo. Watanzania wana msemo wao, kura za maoni. Kwa vyovyote vile, maana ni kwamba wenye chama wanachagua nani atakayepelekwa mbele ya taifa.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa mwaka 1968. Tarehe 12 Machi mwaka ule, katika jimbo la New Hampshire, Rais Lyndon Johnson alimshinda Seneta Eugene McCarthy kwa tofauti ndogo kiasi kwamba ushindi ule ulionekana kama kushindwa. Siku nne baadaye Robert Kennedy naye akaingia kinyang'anyironi, na ilipofika tarehe 31 Machi Johnson akatangaza kwamba hatagombea tena. Kennedy alishinda mchujo wa California tarehe 4 Juni. Usiku huohuo, saa sita ikiwa imekwisha kupita, alipigwa risasi, na tarehe 6 akafariki. Chama cha Democratic kilimteua Hubert Humphrey, ambaye hakushindana katika mchujo wa jimbo lolote, naye akashindwa na Richard Nixon mwezi Novemba.

Tangu hapo watu wamekuwa wakisema: Kennedy asingaliuawa, angalikuwa rais. Sentensi hii ni nzuri kisarufi, lakini kihistoria ina tundu. Mwaka 1968 majimbo mengi hayakuwa na kura za mchujo. Wajumbe wengi wa mkutano mkuu walikuwa mikononi mwa wakubwa wa chama, na wengi wa wakubwa hao walimtaka Humphrey. Kennedy angaliishi, bado angalilazimika kuwashawishi watu ambao hawakumpigia kura popote. Ndiyo maana baada ya vurugu za mkutano wa Chicago chama kilibadili kanuni zake, na kuanzia mwaka 1972 kura za mchujo zikawa ndiyo njia kuu ya kumpata mgombea.

Tunajifunza nini hapa? Kwamba swali zuri la "ingalikuwaje" halitufundishi kutabiri. Linatulazimisha kuuliza nani hasa alikuwa na uwezo wa kuamua siku ile, na kwa kanuni zipi. Tukiondoka na swali hilo mkononi, tunaweza kurudi nyumbani.

Gulu, 1964

Uganda haina desturi ndefu ya kura za mchujo wa urais. Lakini ina kura moja ya ndani ya chama ambayo uzito wake ulizidi ule wa chaguzi nyingi za taifa, nayo ni kura ya katibu mkuu wa Uganda People's Congress (UPC), iliyopigwa mjini Gulu mwaka 1964.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. UPC ilizaliwa mwaka 1960. Iliingia madarakani mwaka 1962 kwa kushirikiana na Kabaka Yekka, chama cha waliosimama na kiti cha Kabaka wa Buganda, na Milton Obote akawa waziri mkuu. Katibu mkuu wa chama tangu mwanzo alikuwa John Kakonge, mtu wa Bunyoro aliyesoma India. Kakonge alikuwa kipenzi cha vijana wa chama na cha wale waliotaka siasa za mrengo wa kushoto.

Mwaka 1964 ulianza kwa kishindo. Tarehe 12 Januari yalitokea mapinduzi ya Zanzibar. Kabla mwezi haujaisha, wanajeshi wakaasi Tanganyika, Kenya, na hapa Uganda katika kambi ya Jinja. Serikali ya Obote iliwaita askari wa Kiingereza kutuliza maasi, kisha ikawaongezea wanajeshi mishahara. Kwa waziri mkuu aliyekwisha kuona moshi katika nyumba za jirani, vijana wa chama wenye kelele hawakuwa tena nguvu ya chama tu. Walianza kuonekana kama hatari.

Mpinzani wa Kakonge alitoka kwetu huku. Grace Ibingira, mzaliwa wa Ibanda katika Ankole, alikuwa mwanasheria aliyesomea Uingereza na waziri katika serikali ya Obote. Ni yeye pia anayetambuliwa kuwa ndiye aliyebuni bendera ya Uganda. Alikuwa na msimamo wa wastani, aliaminika kwa nchi za Magharibi, na hakuwapenda wanamrengo wa kushoto. Huko Gulu Obote alimuunga mkono Ibingira. Kura ilipigwa na wajumbe wa mkutano, si wanachama wote, na Kakonge akaupoteza ukatibu mkuu.

Yaliyofuata

Ibingira hakuuchukua ukatibu mkuu kama kiti cha kupumzikia. Aliitumia ofisi ile kujenga mtandao wake ndani ya chama, na taratibu akawa kitovu cha watu wasiomtaka Obote. Wakati huo huo UPC ilikuwa ikinenepa kwa wahamiaji kutoka vyama vingine. Mmoja wao alikuwa mtu wa Ankole, Basil Bataringaya wa Democratic Party, kiongozi wa upinzani bungeni, aliyevuka upande mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1964. Ushirika na Kabaka Yekka ulikuwa umekwisha kuvunjika mwezi Agosti, na mwezi Novemba ikapigwa kura ya kaunti zilizopotea, ambapo Buyaga na Bugangaizi zilichagua kurudi Bunyoro.

Hapa Ankole mgawanyiko ndani ya UPC ulipata hata majina yake: kulikuwa na Banyama na Baboga, yaani watu wa nyama na watu wa mboga. Mwanafunzi wa lugha aone jinsi siasa inavyoingia jikoni kutafuta msamiati.

Tarehe 4 Februari 1966, Obote akiwa safarini kaskazini, bunge lilijadili hoja ya Daudi Ocheng kuhusu Kanali Idi Amin na fedha zilizohusishwa na dhahabu ya Kongo. Hoja ilipita karibu kwa kauli moja. Aliyepiga kura ya kuipinga alikuwa mmoja tu: John Kakonge. Yule aliyesukumwa kando huko Gulu ndiye aliyesimama na serikali peke yake, na yule aliyebebwa na Obote huko Gulu ndiye aliyekuwa akitajwa kama kiongozi wa wapinzani wake ndani ya baraza la mawaziri.

Tarehe 22 Februari Ibingira na mawaziri wengine wanne, Balaki Kirya, Mathias Ngobi, George Magezi na Emmanuel Lumu, walikamatwa wakiwa kwenye kikao cha baraza la mawaziri. Katiba ya mwaka 1962 ikasimamishwa. Tarehe 24 Mei jeshi likashambulia kasri la Kabaka huko Mengo, na mwaka 1967 katiba mpya ikafuta falme zote, ukiwemo wa Ankole. Tarehe 25 Januari 1971 Amin akampindua Obote. Ibingira alifunguliwa na Amin. Kakonge, ambaye kwa wakati huo alikuwa amewahi kuwa waziri, alitoweka mwaka 1972, naye anahesabiwa miongoni mwa waliouawa na utawala ule.

Sasa tazama tarehe za chaguzi. Baada ya Aprili 1962, Uganda haikupata uchaguzi mkuu mwingine hadi Desemba 1980. Kwa muda wa miaka 18 mwananchi hakuulizwa. Kwa hiyo kura ya Gulu, iliyopigwa na wajumbe tu ndani ya ukumbi, ni miongoni mwa nafasi chache sana katika kipindi chote kile ambapo mwelekeo wa chama tawala uliamuliwa kwa kura na si kwa bunduki. Hapo ndipo uzito wake ulipo.

Tuseme Kakonge angalishinda

Tuanze kwa kuweka masharti matatu. La kwanza: badiliko tunalolibuni liwe dogo, na liwe lilikuwa linawezekana siku ile. La pili: mengine yote yabaki kama yalivyokuwa. La tatu: tuhesabu hatua. Kila hatua tunayopiga kutoka kwenye badiliko inaongeza shaka, na baada ya hatua tatu hivi tunakuwa tumeingia katika hadithi.

Badiliko letu ni hili: Obote angalinyamaza. Hangalimpinga Kakonge, angaliwaachia wajumbe waamue. Jambo hilo liliwezekana kabisa, maana Kakonge ndiye aliyekuwa na kiti na ndiye aliyekijua chama matawi yake yote.

Hatua ya kwanza: Kakonge angalibaki katibu mkuu, na Ibingira angalibaki waziri tu. Asingalikuwa na ofisi ya chama ya kujengea mtandao. Hatua hii ni imara, haihitaji ubunifu.

Hatua ya pili: mvutano wa mwaka 1966 ungalikuwa na sura nyingine. Wapinzani wa Obote ndani ya serikali wangalikosa kitovu, au wangalilazimika kutafuta kingine. Hatua hii inaelekea kuwa kweli, lakini tayari tumeanza kusema "inaelekea".

Hatua ya tatu: Obote, akiwa haogopi baraza lake la mawaziri, asingalihitaji kumtegemea Amin kiasi kile. Hapa kamba inaanza kulegea. Maasi ya Jinja yalikwisha kutokea kabla ya Gulu. Wanajeshi walikwisha kujua kwamba wakigoma wanaongezwa mishahara. Suala la kaunti zilizopotea lilikuwa limeandikwa ndani ya katiba yenyewe, na lingaliivunja ndoa ya UPC na Mengo yeyote angekuwa katibu mkuu. Dhahabu ya Kongo nayo haikusubiri kura ya Gulu.

Na tusiwe wepesi wa kumvika Kakonge kilemba cha mwokozi. Wenzake wa mrengo wa kushoto walizitazama kwa matumaini nchi kama Ghana na Tanganyika, nazo wakati ule zilikuwa zikielekea au zimekwisha kufika kwenye chama kimoja. Kakonge angalishinda, huenda demokrasia ya vyama vingi ingalikufa vilevile, ila kwa mkono mwingine na kwa maneno mengine.

Basi faida ya zoezi ni ipi, kama hatupati Uganda mpya mwishoni? Faida ni kwamba tumetenganisha visababishi viwili. Kuna mambo yaliyotegemea mtu, kwa mfano nani alishika ofisi ya katibu mkuu. Na kuna mambo yaliyotegemea mpangilio wa nchi: jeshi, kaunti, katiba iliyoshonwa viraka. Mwanafunzi anayesema "yote yalikuwa makosa ya Obote" na yule anayesema "yote yalikuwa makosa ya Buganda" wote wawili watapata taabu wakilazimishwa kuandika sentensi zao kwa -ngali- na kuhesabu hatua.

Waraka Namba 5 na swali la lugha

Kuna jambo jingine ambalo halikutokea, nalo linatugusa sisi wa idara hii moja kwa moja. Mwaka 1970 Obote alitoa mapendekezo ya namna mpya ya kuchagua wabunge, yanayojulikana kama Waraka Namba 5. Nchi ingaligawanywa katika kanda nne: kaskazini, mashariki, magharibi na kusini. Kila mgombea angalisimama katika jimbo lake la nyumbani na pia katika majimbo mengine matatu, moja katika kila kanda nyingine. Kura zake zote zingalihesabiwa pamoja. Uchaguzi ulitarajiwa mwaka 1971. Mapinduzi ya Januari yakaufutilia mbali.

Tuseme ungalifanyika. Mgombea wa Mbarara angalilazimika kwenda kuomba kura katika jimbo la kaskazini, katika jimbo la mashariki na katika jimbo la kusini. Angalizungumza lugha gani? Runyankore ingalimfikisha Bushenyi na labda Kabale. Luganda ingalimsaidia kusini na katika sehemu za mashariki, lakini kaskazini ingalimletea maadui. Kiingereza kingaliwafikia waliosoma peke yao. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya jeshi na polisi tangu enzi za ukoloni, na wengi walikijua kutoka barabarani, sokoni na kambini.

Ni rahisi hapa kwa mpenzi wa Kiswahili kurukia hitimisho: Waraka Namba 5 ungalitekelezwa, leo Uganda nzima ingekuwa inazungumza Kiswahili. Walimu wenzangu, tujizuie. Mgombea angaliweza kuajiri mkalimani. Angaliweza kuwategemea wakubwa wa chama wa kanda nyingine wamfanyie kampeni naye abaki nyumbani. Na wapo walioukosoa mpango ule kwa hoja kwamba ungaliwapa viongozi wa juu uwezo mkubwa zaidi wa kuamua nani apite. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kidogo zaidi: wanasiasa wangalipata, kwa mara ya kwanza, sababu ya kura ya kutafuta lugha ya pamoja.

Sababu hiyo ilipokosekana, Kiswahili kilipandishwa kwa njia nyingine. Mwaka 1973 wawakilishi wa wilaya waliulizwa. Wilaya 12 zilichagua Kiswahili na 8 zikachagua Luganda, na Amin akakitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Lakini lugha iliyotangazwa na serikali ya kijeshi, na kusikika kwenye vizuizi vya barabarani kutoka kwa watu wenye bunduki, iliingia mioyoni mwa wengi pamoja na hofu. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yaliifanya lugha hii kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua ifundishwe kwa lazima shuleni. Kila mwalimu wa Kiswahili Uganda amekutana na mzazi anayesema "hiyo ni lugha ya askari". Mzazi huyo hajakosea kuhusu yaliyotokea. Tunaweza tu kumwonyesha kwamba palikuwepo na njia nyingine, ambayo ingaliileta lugha hiyohiyo ikiwa mkononi mwa mwomba kura badala ya mshika bunduki.

Nakivale na sentensi hatari

Makazi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya kale zaidi Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kupokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959. Leo yana zaidi ya watu laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha.

Wakimbizi hawa hawapigi kura, si katika vyama vyetu wala kwingineko, lakini kura za wengine huwafikia. Chukua mfano wa Marekani tena. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Joe Biden alikuwa wa nne huko Iowa na wa tano huko New Hampshire. Tarehe 26 Februari mbunge Jim Clyburn wa South Carolina alitangaza kumuunga mkono, na siku tatu baadaye Biden akashinda jimbo lile kwa kishindo. Alipokuwa rais, kikomo cha wakimbizi wanaopokelewa Marekani kwa mwaka, ambacho mtangulizi wake alikuwa amekishusha hadi 15,000, kilipandishwa hadi 62,500 na kisha 125,000. Wakongo walikuwa miongoni mwa walionufaika zaidi. Tarehe 20 Januari 2025, siku Donald Trump aliporudi madarakani, mpango ule ukasimamishwa kwa amri. Je, Clyburn angalinyamaza, jamaa wa Nakivale waliosafiri katika miaka ile wasingalisafiri? Tukifuata masharti yetu, jibu si la haraka. Mgombea mwingine wa Democratic angaliweza kushinda na kukipandisha kikomo vilevile. Hapa kilichoamua zaidi ni chama kilichoshinda Novemba kuliko mtu aliyeshinda Februari.

Lakini sentensi ya -ngali- inayosikika zaidi kandokando ya Nakivale si hiyo. Ni hii: "Wakimbizi wasingalikuja, ardhi ingalitutosha." Imesemwa kwenye vijiji vinavyopakana na makazi, na imesemwa kwa vizazi. Mwezi Oktoba 1982 sentensi ya namna hii iligeuka kuwa vitendo. Katika Ankole viongozi wa mitaa wa UPC pamoja na vijana wa chama waliwafukuza watu waliotambuliwa kuwa Wanyarwanda, nyumba zikachomwa na ng'ombe wakachukuliwa. Makumi ya maelfu walikimbilia Rwanda au walisongamana Nakivale na Oruchinga. Miongoni mwao walikuwemo wengi ambao walikuwa raia wa Uganda.

Tuipime sentensi hiyo kwa masharti yetu. Je, badiliko ni dogo na lilikuwa linawezekana? Kuzuia wakimbizi wasije kungalihitaji kuzuia machafuko ya Rwanda, jambo ambalo hakuna mtu wa Mbarara aliyekuwa na uwezo nalo. Je, mengine yote tumeyaacha kama yalivyokuwa? Hapa ndipo sentensi inapoanguka. Katika miaka ya 1960 eneo kubwa la malisho ya Ankole liligawanywa kuwa ranchi, kwa msaada wa fedha za Marekani, na kila ranchi ilikuwa na maili za mraba kadhaa kwa mwenyeji mmoja. Eneo la Ziwa Mburo lilihifadhiwa kwa ajili ya wanyama, na mwaka 1983 likafanywa hifadhi ya taifa, wakazi wakaondolewa. Wakimbizi wasingalikuja kabisa, ranchi zingalikuwepo, na hifadhi ingalikuwepo. Mfugaji asiye na ranchi angalibanwa vilevile, labda miaka kadhaa baadaye.

Hatusemi kwamba makazi ya wakimbizi hayana uzito wowote kwa ardhi na kwa majirani. Yana uzito, na majirani wana haki ya kuuzungumzia. Tunasema kwamba sentensi iliyotumika kuwafukuza watu mwaka 1982 ilichagua kisababishi kimoja kati ya vingi, na ilichagua kile ambacho hakikuwa na kura ya kujitetea.

Darasani

Kwa walimu wanaotaka kuijaribu njia hii, tunapendekeza hatua chache.

Kwanza, wakumbusheni wanafunzi tofauti ya kimapokeo. Umbo la -nge- hutumika kwa jambo ambalo si kweli sasa lakini pengine bado linawezekana: "Chama kingebadili kanuni, vijana wangejiunga." Umbo la -ngali- hutumika kwa jambo ambalo mlango wake umekwisha kufungwa: "Kakonge angalishinda, Ibingira angalibaki waziri tu." Katika mazungumzo, watu wengi, wenyeji na wageni, hutumia -nge- kwa yote mawili, na hatuna haja ya kuwaaibisha. Lakini katika insha ya historia tofauti hii ina kazi: inamwambia msomaji kama bado kuna la kufanya au la. Ndiyo maana hapo juu tuliandika "ungalitekelezwa" kwa jambo la mwaka 1970 lakini "ingekuwa inazungumza" kwa jambo la leo.

Pili, fundisheni ukanushi kwa uangalifu: "asingalishinda" au "hangalishinda", yote mawili yanakubalika, ila mwanafunzi asiyachanganye ndani ya aya moja. Waonyesheni pia kwamba neno "kama" si lazima; kiambishi chenyewe kimekwisha kubeba sharti.

Tatu, wapeni wanafunzi tukio moja na waandike sentensi tatu tu za -ngali-, kila moja ikiwa hatua moja mbele ya nyingine, kisha waandike sentensi ya nne inayoeleza kwa nini wanasimama hapo. Tukio linaloweza kutumika ni la hapa hapa: katika uchaguzi wa Desemba 1980, Yoweri Museveni wa chama cha UPM aligombea ubunge wa Mbarara Kaskazini akashindwa na Sam Kuteesa wa DP, tarehe 6 Februari 1981 vita vya msituni vikaanza kwa shambulio la Kabamba. Angalishinda kiti kile, ingalikuwaje? Wanafunzi wana majibu mengi tayari, na sharti la sentensi tatu litawafanya wayachuje.

Nne, na hili ndilo la msingi, kila mwanafunzi alete sentensi moja ya -ngali- aliyoisikia nyumbani au mtaani ikimlaumu mtu au kundi fulani. Darasa liipime kwa masharti matatu. Mwalimu ahakikishe kwamba waliolaumiwa katika sentensi hiyo nao wana nafasi ya kuandika ya kwao. Mjukuu wa aliyefukuzwa mwaka 1982 na mjukuu wa aliyetazama akifukuzwa wakisahihishiana viambishi vya sentensi hiyo hiyo, somo la sarufi litakuwa limefanya kazi ambayo mkutano wa hadhara hauiwezi.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kiambishi -ngali- ndicho chombo ambacho Kiswahili kilimpa mjukuu huyo azungumze nacho. Kazi yetu walimu ni kuhakikisha kwamba anapokishika anajua upande wenye makali ni upi.